Maua ya Vibonge

Asubuhi ya nne mfululizo maua yalikuwa yamechumwa. Fundi bomba aliona kupitia dirishani: petali za njano zimetapakaa chini ya matango yake, kana kwamba mtu amechambua mboga kwa hasira.

Mwaka mwingine asingejua. Kwa kawaida huondoka nyumbani kabla ya alfajiri. Lakini mwezi huo alianguka kutoka juu ya tangi la maji, mguu ukafungwa plasta, akabaki nyumbani na magongo yake.

Mbegu za matango hayo alizirithi kwa mama yake. Yalikuwa meupe, mafupi, manene. Nyumbani waliyaita vibonge. Hayakuwa na uchungu hata chembe, na sokoni huyapati. Mama alizipata kwa mama yake, na kabla ya kufa akamkabidhi mwanawe kifuko na agizo moja: asije akazipoteza. Miaka mitatu fundi alipanda, akala, na kila msimu akaacha tango moja la katikati ya mmea liive mpaka liwe njano, akatoa mbegu. Safari hii panya walikitoboa kifuko. Zilibaki mbegu tisa. Alizipanda zote uani, zikaota zote, zikapanda kamba hadi juu ya ukuta.

Sasa kuna mtu anachuma maua. Bila ua hakuna tango, bila tango hakuna mbegu. Hilo halihitaji shule.

“Nitamkamata,” alimwambia mkewe.

“Kwa mguu mmoja? Utamrukia kama chura?”

Mkewe alikuwa mfua nguo wa hospitali, naye hutoka kabla hakujapambazuka. Siku ya tano, alipokwisha kwenda, fundi alijivuta jikoni akakaa nyuma ya mlango. Kulipoanza kupata mwanga akamwona mwizi. Alikuwa mama mkwe wake.

Waliishi naye mwaka wa nne sasa, na akili zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita fundi kwa jina la marehemu mumewe. Na sasa alikuwa ameinama kwenye matango, anachuma ua, anang'oa petali moja moja, huku akinong'ona.

“Mama, unafanya nini?”

“Nafungisha ndoa,” alisema bila kugeuka. “Leo mabibi harusi ni watatu.”

“Mama, nakuomba. Hayo maua ndiyo matango yenyewe.”

“Wewe nenda kazini, utachelewa.”

Kesho yake fundi aliufunga mlango wa uani kwa kufuli. Bibi aliupiga kwa viganja asubuhi nzima, mpaka majirani wakaja kuuliza nani anapigwa.

Jioni hiyo hawakula.

“Yule ni mama yangu,” mkewe alisema.

“Na zile ni za mama yangu. Hakuna kingine alichoniachia.”

“Kwa hiyo kati ya tango na mtu, wewe umechagua tango.”

“Kaka yako naye kazaliwa na huyohuyo. Ni zamu yake.”

Jumamosi shemeji, fundi viatu wa mji wa pili, alikuja na teksi. Bibi alishikilia mlango wa gari, hataki kuingia.

“Kuna mmoja kafunguka leo,” alisema. “Sijamfikisha kwa mwenzake.”

“Nitamfikisha mimi, mama,” fundi akajibu, kama anayembembeleza mtoto, akamsaidia kukaa.

Tangu siku hiyo hakuna ua lililoguswa. Uani kote kukawa njano tupu, kunapendeza. Matango manne ya chini, ya kwanza kutoka, yalikuwa yamenenepa. Fundi aliyakata, wakayala kwa chumvi kama ilivyokuwa kawaida yao. La mbegu lingetoka katikati. Mkewe alikula vipande viwili, akasukuma sahani.

Ya katikati yakaanza. Madogo kama ncha ya kidole, kila moja na ua lake puani. Yakakaa siku mbili tatu, yakasinyaa, yakadondoka. Fundi akazidisha maji. Yakadondoka. Akatia samadi. Yakadondoka.

Mkewe akaenda kumtazama mama yake, akarudi macho mekundu. “Haamki tena kitandani. Hata mimi hanijui.”

“Pole,” fundi alisema. Ilikuwa pole ya kweli, lakini mawazo yalikuwa kwenye mizizi. Alidhani ina ugonjwa.

Alipotolewa plasta alimwita bwana shamba. Majani yalikuwa yameshaanza kukauka. Bwana shamba aling'oa shina moja, akaikagua mizizi, akaitupa.

“Hii haina neno. Nyuki wako wapi?”

“Nyuki? Hapa? Kuta pande zote, na nje ni saruji mtaa mzima. Sijawahi kumwona hata mmoja.”

“Na miaka iliyopita ulikuwa unavuna?”

“Ndoo kwa ndoo.”

Bwana shamba alizitazama zile kuta, akaangalia maua, akacheka kidogo kwa kustaajabu.

“Basi una mtu mjuzi humu ndani. Hayo yalikuwa yanazaa kwa mkono. Mtu anachuma ua dume asubuhi mapema, analing'oa petali, anampaka jike ule unga wake. Ni kazi ya subira hiyo, kila siku ya Mungu.” Akajifuta mikono. “Kwa sasa umechelewa, mashina yamekwisha. Mwakani mwambie aanze mapema.”

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Mbegu zilizopandwa zilikuwa tisa. Matango yaliyotoka yalikuwa manne, nao waliyala yote yangali machanga. Mbegu haikubaki hata moja.