Ufunguo wa Makaburi ya Kina Tessier

Mzee Anselme Tessier alikwenda ofisi ya parokia kutafuta majina ya mababu zake, ayachonge kwenye geti la makaburi ya ukoo. Ufunguo wa geti hilo haukumtoka mfukoni.

Mtunza vitabu vya ubatizo alikuwa Philomène Lavigne, mjane aliyemwomba, majira ya baridi yaliyopita, amruhusu kumzika mwanawe humo kwa kuwa wao ni ndugu. Anselme alimjibu mbele ya waombolezaji kwamba undugu wa kubandika haumhusu.

Philomène hakumkumbusha. Alifungua kitabu kikuukuu, akaweka kidole.

“Huyu ndiye babu yenu wa kwanza kufika nchi hii, Bwana Tessier. Alikuwa askari.”

Anselme akavaa miwani. Kitabuni paliandikwa: Tessier, aitwaye Lavigne. Enzi hizo askari walipewa jina la pili jeshini, na watoto wao wakagawana majina. Chini yake walifuata wana wawili wa mama mmoja, mkubwa Tessier, mdogo Lavigne.

Uso ulimwiva.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona siku ile hukunionyesha kitabu?”

“Nilikuja kuzika, Bwana Tessier. Sikuja kubishana.”

Anselme akatoa ufunguo, akauweka juu ya ukurasa bila kumtazama. Philomène akausogeza pembeni kwa ncha ya kalamu, akaendelea kumnakilia majina ya ukoo, matawi yote mawili, kizazi baada ya kizazi, kwa mwandiko wake mzuri. Alipofika kwenye jina la mwanawe, kalamu ilisimama. Akamwinulia Anselme macho, akangoja aseme.