Mteja Asiyeonja

Sahara aliziba pua kwa ncha ya shali yake, akanunua vibuyu vyote sita.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo. "Mama, imebaki ingine ndani?" aliuliza. Wanjugu akamjibu kwamba hakuna. Sahara hakuridhika, alichungulia mlangoni kwanza, ndipo akamwachia Wanjugu mbuzi aliyenona, akavifunga vibuyu juu ya punda na kushika njia ya kurudi kijijini kwao, nje ya mji wa Garissa.

Hakuonja hata tone. Nani ananunua pombe ya muratina bila kuonja?

Na muratina ya nyumba ile haikuwa ya mchezo. Muriuki, mume wa Wanjugu, alifundishwa na babake kule Nyeri. Asali aliagiza kwa warina asali wa Kotile. Matunda makavu ya mwegea, yale yanayoichachusha, alikuja nayo kutoka kwao ndani ya gunia. Alivilaza vibuyu kando ya majivu yenye moto, akawa anavitegea sikio kama daktari. Kibuyu kikiacha kunong'ona, pombe iko tayari, na kazi ya kuchuja ni ya Wanjugu. Basi mwaka ule wa 1966, vita vya shifta vimepamba moto, askari wa kikosi kipya hawakuwa na mahali pengine pa kujiliwaza.

Sasa kila wakija Jumamosi jioni walikuta vibuyu vitupu. Walitukana, wakaupiga mlango mateke, wakarudi kambini na kiu yao.

"Yule ni mtu wa swala tano," Muriuki alimwambia mkewe. "Vibuyu sita anampelekea nani?"

"Labda anauza."

"Kwa nani? Kijiji kizima hakuna anayekunywa."

Kijiji chenyewe kilizungushiwa seng'enge. Watu walisombwa na mifugo yao kutoka malishoni wakatiwa humo, na kutoka ni kwa kibali. Wanjugu alivijua vijiji vya namna hiyo. Usichana wake ulipotelea ndani ya kimoja, wakati wa Emajensi ya mkoloni. Muriuki naye alikula miaka minne ya kizuizini. Hakuna alichokiogopa duniani kama kufungiwa tena, na mtu akidhaniwa kuwalisha mashifta, wale waasi wa msituni, nani angengoja kumsikiliza?

Halafu yale maswali ya Sahara, kwa Kiswahili chake cha Kisomali! Wiki moja, "Askari wamelibwa mshahara?" Wiki nyingine, "Lori ya askari wabya imefika?" Mara hii, "Watakuja hapa saa ngabi?" Mnunuzi wa pombe na mambo hayo wapi na wapi?

"Dalili ya mvua ni mawingu, Wanjugu. Mimi siendi jela kwa ajili ya mbuzi."

Wanjugu alimwonea huruma yule mama, lakini alimwogopea mumewe zaidi.

Muriuki akaenda kwa Sajenti Kang'ethe, mkubwa wa askari wale, akamweleza yote. Alipofika kwenye swala tano, Sajenti alimkatiza.

"Msituni hakuna kadhi, Muriuki. Mashifta wanakunywa kama sisi."

Jumamosi iliyofuata Sajenti na askari wake walimngoja Sahara nyuma ya nyumba. Alikuwa hajashika hata kibuyu cha kwanza walipomkamata. Hakulia wala hakujitetea. Alimtazama Wanjugu peke yake.

"Mama, mimi nibelekwe jela, sawa. Lakini leo usiuse bombe. Nakuomba kwa Allah. Leo wamelibwa."

"Mnasikia?" Muriuki alisema. "Anatutisha! Leo kuna shambulio!"

"Wakija watatukuta," alisema Sajenti, akaamuru Sahara atiwe kwenye gari. Kisha akamwita Nunow, mfuata nyayo wa serikali, mzee mkimya mwenyeji wa huku. "Mfungue huyo punda, mwache aende mwenyewe. Punda hajui uongo. Atakuonyesha kambi yao."

Punda akaondoka taratibu, Nunow nyuma yake na askari wawili.

Jioni wenzao walijaa uani. Muriuki alikuwa akimimina na kutania kama siku za zamani, na walipomwita "baba yetu" aliwaongeza bila kuombwa. Wanjugu naye alijisikia mwepesi. Mwezi mzima alikuwa akilala na hofu, na sasa imekwisha. Alichuja kibuyu cha tano, akawapa cha sita.

Jua lilikuwa linazama Nunow aliporudi na punda.

"Umeiona kambi?" Sajenti aliuliza.

"Hakuna kambi, Afande. Bunda hakwenda msituni. Amefuata njia ya nyumbani, karibu na lango la kijiji akaingia nyuma ya kichaka, akasimama. Akangoja kushushwa msigo. Habo mchanga umeganda, unanata, nyuki wamejaa." Mzee alitazama chini. "Bombe yote anaimwaga bale."

"Anaimwaga?" Sajenti alicheka hadi akashika mbavu. "Mbuzi wote wale, halafu anamwaga! Tumemfunga mwendawazimu!"

Muriuki naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Wanjugu hakucheka. Alikimbilia kibuyu cha sita, akakiinua, akakuta ni kitupu.

Askari walikuwa wameshainuka, wameshikana mabega, wakibishana njia gani ni fupi ya kufika kijijini, na nyumba ipi ni ya yule mama mwenye mabinti watatu, maadamu leo mwenyewe hayupo.