Sufuria ya Kibarazani

Sikuwahi kushika samaki mpaka leo. Nyumbani kwetu Kisutu hatuli nyama wala samaki. Mume wangu, Tulsidas, ndiye aliyekuwa akienda soko la samaki la Feri kumnunulia mbwa wetu vibua, akiwachemsha kibarazani kwenye sufuria isiyoingia jikoni kwangu.

Tangu Tulsidas afariki, mbwa nampa chapati na maziwa. Mbavu zimemtoka. Jana daktari wa mifugo kanigombeza: "Mama, mpe samaki! Unamuua huyu."

Basi leo nimewachemsha vibua. Nimewachambua miiba kwa vidole vyangu, pumzi nimeibana. Nikamnyooshea mbwa mkono.

Akaunusa. Mkia ukaanza kucheza. Akanipita mbio bila kugusa chakula, akaenda kukaa mlangoni, masikio kayasimamisha, anamsubiri Tulsidas.