Maporomoko ya Getini

“Haya, rudi jikoni,” Dereva alisema. “Nikipiga filimbi, useme kama umesikia.”

Mkewe akarudi jikoni, akasimama kwenye sinki huku mikono ikinuka saruji. Filimbi ikamfikia, nyembamba lakini safi.

“Nimesikia,” akajibu kupitia dirishani.

“Basi maji bado madogo.”

Dereva aliwahi kuendesha treni za kweli, mpaka kiharusi kilipomshusha. Mtaa ukaendelea kumwita Dereva, na mkewe, aliyestaafu ualimu, ukamwita Mwalimu. Sasa treni yake ilikuwa hii ya bustanini, yenye injini isiyozidi kiatu, iliyozunguka matuta ya maua na kuvuka daraja la mbao. Kilichopungua ni mto. Daraja bila maji, alisema, ni uongo mtupu.

Basi wakachimba. Yaani Dereva akielekeza, Mwalimu akichimba. Wakatandika nailoni nyeusi shimoni, ikavuja. Wakatandika nyingine, wakaziba kingo kwa zege. Pampu ikazamishwa kidimbwini, na mpira ukapandishwa nyuma ya mawe ili maji yaporomoke chini ya daraja, yarudi kidimbwini, yapande tena. Kutwa kucha yatembee na yasifike popote. Mwalimu aliyajua maisha hayo.

Tangu kiharusi, mwisho wa safari zake ulikuwa sokoni, tena mbio mbio. Daktari alisema mgonjwa asiachwe peke yake, na mgonjwa mwenyewe hakutoa mwanya. Geti lao lilifungwa kwa mnyororo na kufuli, ufunguo ukining'inia hapo hapo mchana kutwa. Mnyororo ukilia tu, sauti inatoka bustanini: “Nani anatoka?” Hata kama ni kwenda kumwaga taka.

Mwalimu naye hakuwa mpole. Dereva akilisogelea geti na mkongojo wake, alimdaka shati. “Mzee, ukianguka huko nje nani atakuokota?” Wakarudi wote wawili, kila mtu na kiti chake, wakaangalia treni ikizunguka.

Si kwamba Mwalimu hakumpenda mumewe. Alikuwa amechoka, amechoka mpaka basi. Dada yake, mshonaji wa mji mwingine, alikuwa ameshamwandalia chumba, akamwambia aje akae, hata akitaka asirudi. Mkoba ulikuwa tayari, umefichwa nyuma ya pipa la unga. Jirani alishaombwa amtupie jicho mgonjwa, na chakula kilikuwa jikoni. Kilichobaki ni ule mnyororo.

Ndiyo maana, Dereva alipotaka maporomoko yawe chini ya dirisha la jikoni, Mwalimu alisema kama mtu asiyejali, “Kwa nini yasikae kule getini? Mgeni akiingia ayaone kwanza.”

Akajiandaa kwa ubishi. Mzee huyu aliwahi kubishana naye tangu asubuhi hadi jioni juu ya mahali pa kuweka ndoo.

“Getini,” Dereva alisema, akitikisa kichwa polepole kukubali. “Umesema kweli, Bi Mkubwa. Getini hasa.”

Mwalimu alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaenda kukoroga zege kabla mtu hajabadili mawazo.

Na sasa ilikuwa siku ya uzinduzi. Dereva alitaka shati lake la kazi, na Mwalimu alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, hadi kwenye kola. Alitaka viatu pia. “Maji hayafunguliwi kwa ndala,” alisema. Mwalimu akapiga magoti kumfunga kamba, akijua ni mara ya mwisho. Mguu uliolegea ulikuwa na nguvu siku hiyo, ukasimama imara mikononi mwake. Akadhani ni furaha.

Dereva akafungua pampu mpaka mwisho. Maji yakaruka juu ya mawe, yakanguruma chini ya daraja.

“Jikoni, mama. Safari hii sikiliza vizuri.”

Alisikiliza vizuri. Hakusikia kitu ila maji. Alipochungulia dirishani alimwona mzee kando ya geti, filimbi mdomoni, mashavu yamevimba, mkono mmoja umeshika mnyororo na kuutikisa, kama mtu anayejizuia asianguke.

“Hukusikia chochote?” Dereva aliuliza alipomfuata.

“Labda ungepiga ngoma.”

Dereva akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. “Mto wa kweli ndivyo ulivyo, unameza kila kitu.” Akaushika mkono wa mkewe, asiuachie upesi. “Umefanya kazi kubwa, Bi Mkubwa. Nenda kajinyooshe kidogo. Mimi nabaki na treni yangu.”

Huruma ikamjaa Mwalimu, nusura aghairi. Alichukua mkoba, akakaa nao kitandani, akalia kwa sauti, maana nani angemsikia. Kisha akanawa uso, akajifunga mtandio, akatokea mlango wa nyuma na kuambaa na ukuta. Alikuwa ameapa asimtazame, kwani akimtazama hataweza kuondoka.

Akamtazama.

Kiti kilikuwa kitupu. Mkongojo ulikuwa umelala juu yake, na treni ilikuwa inavuka daraja bila mtu wa kuiangalia.

Mkoba ukamponyoka. Akakimbilia kidimbwini, akaingiza mikono yote miwili majini, akapapasa na kupapasa, akipata mawe na nailoni. “Mzee! Mzee wangu!” Maji yakameza. Akazunguka maua, akachungulia nyuma ya mawe, nyuma ya tangi la maji. Mungu amsamehe, angekaa naye miaka yote iliyobaki, mradi tu asimkute amelala mahali.

Akarukia geti ili amwite jirani, akauvuta mnyororo kwa nguvu zake zote.

Haukuja. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje.