Donge la Nne

Tangu Mwaija azikwe, meza ya dirishani kwenye darasa la mapishi ilibaki na wasichana watatu. Leo, kwa mazoea, wakakata madonge manne ya maandazi. Walishtuka, lakini hakuna aliyethubutu kuliondoa la nne. Wakayafunika kwa kitambaa yaumuke, kisha darasa zima likatoka na mwalimu kuchota maji.

Waliporudi, Mwalimu Nambua akafunua. Donge la nne lilikuwa na alama ya kidole gumba katikati.

“We Mwaija! Mara ngapi nimekukanya usibonyeze unga kabla haujaumuka?” akafoka, halafu akajiziba mdomo.

Mwalimu akalifunika tena, taratibu.

“Tumngojee,” akanong'ona.

Kitambaa kikaanza kuinuka.