Toa Sita

Mwalimu wa darasa la jioni la kompyuta alinipa karatasi za Felisita, mwanafunzi mwenzangu, nizikague. Programu bora ingempatia mwandishi wake kazi kwenye kinu cha pamba, ambacho kampuni mpya ilikuwa imekinunua kutoka kwa ushirika. Ilikuwa programu ya kusoma saa iliyo ndani ya kompyuta, ile inayotembea kwa betri hata umeme ukikatika.

Kwenye mstari wa ishirini kidole changu kilisimama. "Toa sita."

Mimi peke yangu darasani nilitaka mashine itaje saa kama tunavyoitaja hapa Bariadi: ikisoma kumi na tatu, iandike saa saba. Nililiandika hilo katika daftari lililopotea wiki mbili zilizopita. Felisita alinisaidia kulitafuta, hata tukapiga magoti pamoja kuliombea.

Chini ya mstari ule palikuwa na maneno ya pembeni, ambayo kompyuta huyaruka. Mimi huandika sala hapo.

"Bwana, mponye mama macho."

Asubuhi hiyo mama yangu alikuwa ametoka nje akipapasa ukuta.

"Umeona kosa, dada?" mwalimu akaniuliza.

Nilimwonyesha ile sala kwa kidole. Akasoma, akatabasamu, akamwita Felisita aliyekaa dawati la nyuma.

"Felisita, kumbe unasali mpaka kwenye programu. Mama anaendeleaje na macho?"

Felisita alinitazama kidogo, kisha akamgeukia.

"Anaona sasa, mwalimu," akasema. "Bwana ni mwema."