Meza ya Mfalme

Balozi Mwakitalu alikuwa amekaa bungeni miaka thelathini, akigonga meza kila aliposikia neno tamu. Leo, ugenini, alisubiri mfalme apokee barua yake ya utambulisho. Ikikataliwa angerudi nyumbani, na jimboni kiti chake kilishapata mwenyewe.

"Mheshimiwa, humu ni kimya tu," alinong'ona Bi Nasra, katibu wake. "Mkono uweke mfukoni."

"Mama, nimelala bungeni miaka yote hiyo bila kukoroma. Hili ndilo litanishinda?"

Mfalme akasema nchi zao ni ndugu. Mkono ukatoka mfukoni wenyewe, ukagonga meza mara tatu, na chai ya mfalme ikaruka ikailowesha barua. Bi Nasra akafumba macho.

"Hiyo nini?" mfalme akauliza.

"Kwetu, Mtukufu, ndivyo tunavyokubali hoja."

"Hata ambayo hukuisikiliza?"

"Hiyo ndiyo tunaigongea zaidi."

Mfalme akaitazama barua iliyolowa, akawatazama wazee wa baraza lake, waliokaa kimya tangu awarithi kwa baba yake, kisha akainua kiganja taratibu juu ya meza.